Kanuni ya uchizi wangu

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi, sisi wazima, mengine baadaye. Miezi mitano kimya, na kosa tugawane. Leo nimebanwa na hesabu, na mwalimu wa hesabu ni wewe.

Mama Zuhura ananiletea kitoto cha paka Jumamosi. Kabla sijakubali nimeketi kukokotoa uchizi wangu, na usicheke:

U = P² × S ÷ (W + 1)

P ni idadi ya paka. S ni mara ngapi kwa siku nasema "sisi" nikimaanisha mimi na paka wangu Waziri ("sisi hatupendi radi", "sisi tumeshakula"). W ni wageni wa siku hiyo. Ile moja niliichomeka baada ya Jumapili fulani kujikuta nagawanya kwa sifuri.

Sasa tazama. Mama Zuhura ana paka watatu, "sisi" 22, wageni 10: anapata 18. Mimi, paka mmoja, Jumapili, "sisi" 21, mgeni hakuna: 21! Nimempita mtu anayewapikia paka wake sikukuu! Nikipokea kitoto nafika 84.

Wala si mimi wa kwanza. Mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, aliandika makala peke yake akijiita "sisi" mwanzo hadi mwisho. Mwenzake akamtahadharisha kuwa jarida halitaki "sisi" ya mtu mmoja. Kupiga chapa upya kurasa zote akaona adhabu, basi akamwongeza paka wake Chester awe mwandishi mwenza, kwa jina la F. D. C. Willard. Ikachapishwa mwaka 1975 katika Physical Review Letters. Huyo "sisi" yake ilikuwa na kibali.

Nilikuwa na kanuni ya kitanda pia. Mimi kilo 68 napata robo, Waziri kilo 4 anapata robo tatu, kwa hiyo kadiri uzito... ah, sikuimaliza, amelalia karatasi. Hata hapa naandika nikiukwepa mkia. Hilo doa la wino pembeni ni unyayo wake.

Salma anasema dawa ni kupunguza S, nifunge mdomo. Mimi kila nikiigeuza hesabu narudi kule chini, kwenye asili, kwenye W. Ukija wewe peke yako, siku moja tu, 21 inashuka hadi 10.5. Nusu nzima, Rehema!

Haya niambie. P kweli inastahili kipeo cha pili, au nimejionea? Simu inahesabika kwenye W? Na barua je, hata robo? Bado unapiga chafya ukiona manyoya? Yale mambo yako na mwenye nyumba yaliishaje? Jumamosi una vipindi? Kitoto kinafika saa nne.

Sisi tunakusubiri.

(Hiyo ya 22.)

Asha