Kwa vijana mnaoandika majina ya waliojenga Mombasa

Wanangu na wajukuu zangu wa Mji wa Kale,

Assalaam aleikum, na walio wa dini nyingine kati yenu, hamjambo. Nimepata habari kwamba mwatayarisha ubao wa majina ya wazee wa mji, utundikwe mahali wapitapo watu, pamoja na kijitabu cha kuuelezea. Nimeletewa orodha yenu ya mwanzo nikaisoma yote. Nimefurahi. Lakini mliniomba nasaha, na mtu akiombwa nasaha akajibu kwa sifa tupu huwa amehini.

Orodha yenu imejaa maliwali, makadhi na matajiri. Karibu wote wana jina lao juu ya shule, barabara au msikiti. Hao hawajasahauliwa, basi ubao wenu utawaongezea nini? Sisemi muwafute. Nasema chini ya kila jina andikeni kazi aliyoifanya, cheo kije baadaye au kisije kabisa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mmemwandika "Kadhi Mkuu" mkanyamaza. Makadhi wakuu ni wengi. Huyu alianzisha magazeti, Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932, akaandika kwa Kiswahili kuwaambia watu wa mji wake mwenyewe kwamba wamelala kielimu, naye aliishi nao, akisali nao, akikutana nao kila siku vichochoroni. Hilo ni gumu kuliko kuketi kwenye kiti cha ukadhi. A. M. Jeevanjee mmemwita "tajiri wa reli". Ongezeni kwamba mwaka wa 1902 alianzisha hapa Mombasa gazeti la African Standard, ambalo baadaye lilihamia Nairobi na linachapishwa hadi leo kwa jina la The Standard. Na mfanyabiashara Allidina Visram, jamani, alifariki mwaka wa 1916. Shule yenye jina lake ilifunguliwa mwaka wa 1923 kwa mali iliyotolewa na mwanawe, Abdulrasul. Mwandikeni na mwana, naye ana haki yake.

Nasikia kikao chenu cha juzi kilivunjika kwa ugomvi wa nani alitangulia: Mwana Mkisi au Shehe Mvita, wanaosimuliwa kuwa watawala wa mwanzo wa mji; Thelatha Taifa au Tisa Taifa, yaani makundi mawili ya Waswahili wa Mombasa, moja la mataifa matatu na jingine la tisa. Ugomvi huo niliukuta nikiwa mtoto na sitarajii kuuona mwisho wake. Andikeni Mwana Mkisi na Shehe Mvita pamoja, mkisema wazi kwamba habari zao ni za masimulizi. Kisha wekeni mataifa yote kumi na mawili kwa mfuatano wa herufi: Wabajuni, Wachangamwe, Wafaza, Wajomvu, Wakatwa, Wakilifi, Wakilindini, Wamtwapa, Wamvita, Wapate, Washaka, Watangana. Asiyeridhika akagombane na alfabeti. Na mkiyatazama majina hayo mtaona wengi walikuja na jina la mji walikotoka. Kwa hiyo mtu asisimame kikaoni kumwambia mwenzake kwamba yeye ni wa kuja.

Mshairi Muyaka bin Haji yumo, na amestahili. Lakini Mwalimu Sikujua hayumo, na hapa ndipo niliposikitika zaidi. Muyaka alifariki karibu mwaka wa 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu: barazani, ngomani, kwa wazee waliokuwa wakitoweka mmoja mmoja. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni na mtunzi wa hapa hapa, ndiye aliyezikusanya na kuzifafanua, akampa William Taylor, mmisionari aliyekuwa na hamu kubwa ya Kiswahili. Mwalimu alifariki mwaka wa 1890. Karatasi za Taylor zikaenda London, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka wa 1940, miaka mia baada ya mwenyewe kuondoka. Kila mara mnaposimama jukwaani kughani beti za Muyaka kwa mbwembwe, mwakula jasho la Mwalimu Sikujua. Ni watu wangapi Mombasa leo wanaolijua jina lake? Mji hauna mzee aliyefanya kazi inayofanana na yenu kuliko huyu, nanyi mmempita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazee wenzangu huenda wakaninunia. Orodha yenu yaanza kabla ya Wareno na kwisha mwaka wa 1963, na haina mtumwa hata mmoja. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria hapa pwani mwaka wa 1907. Mbele ya mwaka huo, nani alikuwa akilima mashamba ya bara, ya Changamwe na Kisauni, yaliyoulisha mji? Nani alibeba mawe na chokaa ya nyumba ambazo leo twawaonyesha watalii? Kabla ya maji ya bomba kutoka Marere kufika kisiwani, nani alichota visimani na kupeleka majumbani? Mkisema majina yao hayapatikani, nitawajibu kwamba hamjatafuta. Serikali ya kikoloni ilipotoa sheria ya hati za ardhi ya pwani mwaka wa 1908, kila mwenye kudai kiwanja alitakiwa athibitishe dai lake, na watu wakaja na mashahidi wao. Kwenye kumbukumbu za namna hiyo, na kwenye hati za wakfu, mtakuta majina ambayo hayapo katika shajara ya ukoo wowote. Kasomeni. Chukueni na anayejua hati za Kiarabu, msiende mkatazama mapambo.

Halafu vukeni Nyali. Frere Town ilianzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na wengine wa watu wake walikuwa wamepitia India, wakaja na kusoma, kuandika na ufundi. William Jones na Ishmael Semler walitoka katika kundi hilo, na mwaka wa 1885 wakatawazwa kuwa mashemasi. Makondakta wa matatu hupiga kelele "Kengeleni!", jina la mahali hapo, kutwa kucha, na kengele yenyewe ipo pale kando ya barabara, lakini orodha yenu inayojiita ya mji mzima haikufika huko. Najua sababu. Wale ni wa kanisa, na wengine hapa bado huwaona si watu wa mji. Mimi nawaona ni wa mji, na wajukuu zao hawako mbali. Mkawaulize kwa adabu, bila ya kamera siku ya kwanza.

Wanawake je? Mmemweka Mwana Mkisi peke yake, ambaye hata mkimkosea hatalalamika. Bibi zenu walikuwa na vyama vya lelemama (ngoma ya wanawake), Ibinaal Watan na Banu Saada, vyenye vyeo, michango na ushindani uliotikisa mitaa. Wanaume waliviona ngoma tu. Lakini humo wanawake walijifunza kuongoza kikao, kukusanya fedha na kuzikana, na kuwaita watu mia wakaja. Mwaka wa 1958, wanawake wa Kiarabu walipokuwa wamenyimwa kura, Bi Shamsa Muhamad Muhashamy alikuwa mbele katika ombi la kuidai. Maisha yake, pamoja na ya Bi Kaje wa Mwenye Matano na Bi Mishi wa Abdala, yalisimuliwa na wenyewe na kuchapishwa mwaka wa 1989. Bi Kaje alitoka nyumba iliyokuwa na watumwa. Bi Mishi, wazee wake walikuwa watumwa. Mji ule ule, kila mmoja na upande wake wa kuuona. Kama mnataka kujua kijitabu chenu kiweje, anzieni kwa wanawake hao watatu.

Na bandari. Magati ya kwanza ya maji makuu Kilindini yalikamilika mwaka wa 1926, na kuanzia hapo mji uliishi kwa migongo ya mahamali, wachukuzi wa mizigo. Januari 1947 waligoma, nao mgomo ukaenea mjini kote, zikapita karibu wiki mbili pasi na kazi. Shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa humo liliongozwa na Chege Kibachia, na mwaka huo huo serikali ikamkamata ikampeleka uhamishoni Baringo. Atatokea mtu aseme Chege si mtu wa pwani. Mwambieni na Liwali hakuwa hamali.

Jambo dogo la mwisho, nalo si dogo. Nimeambiwa yuko bwana mmoja aliye tayari kulipia ubao wote, kwa sharti kwamba jina la babu yake liwe juu na kwa herufi kubwa kuliko mengine. Rudisheni fedha zake kwa shukrani. Kama mfuko ni mtupu, fanyeni ubao mdogo, au pigeni chapa kijitabu tu. Babu yake mwandikeni kwa alichokifanya, mahali pake, kwa herufi kama za wenzake.

Mimi huwa barazani Kibokoni baada ya laasiri, ila Ijumaa. Njooni na daftari. Na mniletee majina mliyokwisha kuyakataa, pamoja na sababu mlizotoa, maana hayo ndiyo ningependa kuyasoma kwanza.

Wenu katika kheri,
Mzee wa Kibokoni