Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na hesabu zilizokaguliwa Mweka Hazina atazisoma mwenyewe. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja: maadili ya viongozi, na yetu sisi tunaowabishia hodi.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ni ya 1995. Kila ifikapo 31 Desemba, kiongozi awe amepeleka kwa Kamishna wa Maadili tamko la mali na madeni yake, pamoja na mali za mwenza wake na watoto wadogo. Sawa kabisa. Lakini mfanyabiashara aliyekaa ofisini kwa kiongozi huyo saa nzima akimweleza ushuru upi upunguzwe, haandikwi popote. Mwaka huohuo Marekani walitunga sheria ya kuwasajili washawishi, yaani wanaolipwa kuwasemea wengine serikalini. Siku hizi kila miezi mitatu wanaeleza wanamsemea nani na kwa malipo gani. Rushwa kwao haijaisha, tusidanganyane, ila mwandishi wa habari ana pa kuanzia.

Takrima ya uchaguzi, yaani ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Kwenye vitabu vyetu iliendelea kula kwa jina la "mahusiano": makapu ya sikukuu, shajara, katoni za juisi, hata nauli ya mgeni rasmi aliyeletwa na gari la serikali! Kamati Tendaji imekifuta kifungu hicho. Baadhi yenu mlinipigia simu mkisema tutasahaulika wizarani. Inawezekana. Ila sheria ya rushwa ya 2007 inamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, na anayeweka saini kwenye hundi za chama ni mimi.

Tunapendekeza serikalini mambo mawili. Kila ofisi ya kiongozi iwe na daftari la wazi la vikao: nani alikuja, kwa niaba ya nani, kuomba nini. Pia ofisa akistaafu, asubiri miaka miwili kabla ya kulipwa kufuatilia mambo ya watu kwenye wizara aliyotoka. Hili la pili limeigawa Kamati, maana wanaozijua njia za wizarani ni haohao wastaafu, na ushauri wao umetusaidia sana. Mimi naliunga mkono.

Barua imeshaandikwa, haijasainiwa. Tutaipigia kura kwenye ajenda ya sita. Ikipita, inakwenda Dodoma wiki ijayo.