Harambee ya Toyo la Karakana

Bwana Yesu asifiwe, ndugu waumini, na ninyi watoto wetu wa Chamwino mnaosoma haya mkiwa Dar au Mwanza.

Mwezi wa tisa pampu ya kisima chetu ilinyamaza. Vijana wetu mafundi walipoing'oa, siku ya 19 tangu inyamaze, walikuta kilichokufa ni kimpira cha kwenye pistoni, kidogo kuliko kitumbua, kimelika upande mmoja. Siku zote hizo akina mama walichimba mchanga korongoni, wakangoja maji yajichuje, kata kwa kata. Mpira mpya tulikuwa nao. Kapi na spana za kunyanyulia mabomba ndizo zilikuwa mjini, na gari la kuzileta halikupatikana.

Mzee wetu mmoja wa kanisa, fundi mstaafu wa reli, aliposikia akatuhadithia habari za Vestal, meli ya jeshi la wanamaji la Marekani. (Wagogo na bahari wapi na wapi, lakini tulimsikiliza.) Ilianza mwaka 1909 ikibeba makaa ya mawe, na 1913 ikageuzwa karakana inayoelea. Tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani ziliposhambulia, ilikuwa Pearl Harbor, bandari ya Hawaii, imefungwa ubavuni mwa manowari Arizona. Ikapigwa mabomu mawili. Arizona ilipolipuka, nahodha wa Vestal, Cassin Young, alirushwa majini. Akaogelea, akapanda tena, akakuta watu wanaihama meli. Akawarudisha kazini, wakaipeleka kwenye maji mafupi isizame. Karakana za bandarini zilikuwa zimeelemewa, basi mafundi wakaitengeneza meli yao kwa mikono yao. Mwaka uliofuata wakaenda Tongatapu, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, na ndani ya siku 60 wakamaliza kazi 963 kwa meli 58 na vituo vinne vya nchi kavu. Meli iliyoumia haikulazimika kungoja ifike Hawaii ndipo ishikwe na fundi. Karakana iliifuata.

Ndicho tunachoomba: toyo moja, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, hata iliyokwisha kutumika, ibebe kapi na mnyororo, spana za mabomba, jiliwa, jenereta ndogo na mashine ya kuchomelea, izunguke vijijini. Inatakiwa shilingi milioni 9. Tunazo 2,150,000 na mbuzi watatu.

Harambee ni Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, chini ya mkwaju. Karanga, alizeti, uwele, vyote vitapigwa mnada. Mlio mbali tumeni kwa mhazini, stakabadhi mtapata. Mara ya mwisho jogoo mmoja aliuzwa mara nne, kila mnunuzi akimrudisha mezani. Mwenye jogoo wa namna ile amlete.