Dawa iliyotoweka majini imekwenda wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uondoaji wa mabaki ya dawa katika majitaka kwa njia ya uoksidishaji wa kemikali, yaani kuzivunja molekuli za dawa kwa kemikali kali kama ozoni. Njia hii naiunga mkono kwa dhati. Linalonisumbua ni mazoea ya kutangaza ushindi mara tu dawa iliyokuwa ikipimwa inapokosekana kwenye majibu ya maabara, ilhali kukosekana kwa dawa si ushahidi kwamba madhara yake yamekwisha.

Dawa nyingi tunazomeza hutoka mwilini kwa mkojo na kinyesi zikiwa bado na nguvu. Mitambo ya kawaida ya majitaka hutegemea bakteria wanaokula uchafu, na bakteria hao hawaziwezi dawa zote. Karbamazepini, ambayo hutibu kifafa, hupita mtamboni karibu kama ilivyoingia. Ni kweli kwamba viwango vyake ni vidogo sana, lakini udogo huo usitupumbaze. Nchini Kanada, kuanzia mwaka 2001, watafiti walitia homoni ya vidonge vya kuzuia mimba katika ziwa la majaribio kwa miaka 3 mfululizo, kwa kiwango cha nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) 5 hadi 6 tu kwa lita, na jamii ya samaki wadogo iliyokuwamo ikakaribia kutoweka kabisa.

Hapo ndipo uoksidishaji unapohitajika. Mwaka 1894 Mwingereza Henry Fenton alieleza jinsi chumvi ya chuma inavyoipa hidrojeni peroksidi ukali ambao haina ikiwa peke yake. Leo tunajua kwamba mchanganyiko huo huzalisha radikali za hidroksili, chembe zinazodumu kwa muda mfupi mno na kushambulia karibu kila molekuli ya kaboni iliyo jirani. Radikali hizo hizo hupatikana pia kwa kumulika peroksidi kwa mwanga wa urujuanimno, au kwa kuichanganya na ozoni, gesi ya oksijeni yenye atomi tatu. Ozoni yenyewe huchagua zaidi: huimaliza diklofenaki, dawa ya maumivu, na karbamazepini upesi, lakini kemikali zenye iodini wanazopewa wagonjwa kabla ya baadhi ya picha za eksirei huzigusa kwa shida.

Ukali huo una gharama. Radikali haitambui kipi ni dawa na kipi si dawa. Bikabonati na mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini huimeza kabla haijaifikia dawa, na kwa sababu hiyo matokeo mazuri yaliyopatikana katika maji yaliyokenekwa hayatuambii mengi kuhusu majitaka halisi. Mbinu ya Fenton nayo hufanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa na asidi, kwenye pH (kipimo cha asidi) ya karibu 3, na asidi hiyo ikishaondolewa kwa chokaa au magadi, chuma hujikusanya na kuwa tope la rangi ya kutu ambalo lazima litafutiwe pa kwenda.

Zito zaidi ni kwamba molekuli iliyovunjwa huacha vipande. Ozoni ikiipasua karbamazepini, dawa yenyewe haionekani tena, lakini kaboni yake karibu yote ingali majini katika maumbo mengine, na kipimo kilichoandaliwa kuitafuta karbamazepini pekee hakiwezi kuyaona. Maji yenye bromidi, chumvi ya asili ya bromini, yakipitishiwa ozoni, huweza kuzalisha bromati, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita katika maji ya kunywa. Uswisi, ambayo tangu mwaka 2016 inaitaka mitambo iliyoteuliwa iondoe asilimia 80 ya vichafuzi vidogo kama mabaki ya dawa, haikuishia kwenye ozoni. Maji yakishatoka huko hupitishwa kwenye chujio, kwa kawaida la mchanga, ambamo bakteria hula vile vipande laini ambavyo ozoni imewarahisishia. Chujio hilo si pambo, na mradi unaolifuta ili kupunguza bajeti unafuta nusu ya kazi.

Kwa hiyo nawasihi wanaosimamia mitambo, na waandishi wanaoripoti habari zao, waulize mambo ambayo takwimu moja ya kuvutia ya asilimia ya dawa iliyoondolewa haiwezi kuyajibu. Maji yaliyopimwa yalikuwa ya aina gani? Bromidi ilikuwa kiasi gani kabla, na bromati kiasi gani baada? Kaboni ya viumbe ilipungua, au ilibadilika sura tu? Je, mwani na viroboto-maji (wadudu wadogo wa majini wanaotumika kupima sumu) waliowekwa katika maji hayo waliendelea kuishi na kuzaana? Waulize pia chupa ya sampuli ilishughulikiwa vipi. Kioksidishaji kilichobaki, kama ozoni au peroksidi, kisipozimwa kwa thiosalfeti au kemikali nyingine ifaayo palepale bombani, dawa huendelea kuvunjika ndani ya chupa wakati inasafirishwa, na maabara itausifu mtambo kwa kazi iliyofanyika njiani.

Wako,
Mkemia wa maji