USS Ward haikuishia Pearl Harbor

Mhariri,

Makala yenu kuhusu manowari ya Marekani USS Ward niliisoma kwa hamu, maana magazeti yetu hugusa historia ya meli mara chache sana. Kilichonisikitisha ni kwamba karibu makala yote ilihusu asubuhi moja, ile ya tarehe 7 Desemba 1941, Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii. Miaka mitatu iliyofuata mmeipitia kwa sentensi moja tu, kwamba meli iligeuzwa kuwa ya kubeba askari, kisha ikazama.

Sina ugomvi na habari za asubuhi ile. Ward ilikuwa destroya, yaani manowari ndogo yenye kasi, kuukuu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilijengwa Mare Island, California, kwa kasi ya ajabu: mkuku, yaani uti wa chini wa meli, ulilazwa Mei 15, 1918, na Juni mosi chombo kikashushwa majini. Ni kweli pia kwamba kamanda wake, William Outerbridge, aliamuru nyambizi ndogo ya Japani iliyokuwa ikinyemelea lango la bandari ya Pearl Harbor ipigwe mizinga, kabla hata ndege za Japani hazijafika. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii waliikuta nyambizi hiyo chini ya bahari, mnara wake umetobolewa na kombora la mzinga. Hayo mmeyaeleza vizuri.

Lakini tazameni picha mliyoiandikia kuwa ni Ward mwaka 1944. Ina dohani nne. Mwaka huo Ward ilikuwa na dohani mbili, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Ilipoingizwa karakana kule Bremerton, jimbo la Washington, boila za upande wa omo, yaani wa mbele, ziling'olewa pamoja na dohani zake, na pale palipokuwa na moto na mvuke pakawekwa vitanda vya askari. Mitambo ya kurushia topido, makombora yaendayo chini ya maji, ikaondolewa ili sitahani pawe na nafasi ya mashua nne za kushushia watu ufukweni. Mizinga yake ya zamani ikabadilishwa kwa midogo inayofaa kutungulia ndege. Kasi ikapungua, lakini bado iliziacha mbali meli za kawaida za kubebea jeshi, na iliweza kusogea kwenye visiwa ambako meli hizo kubwa zingekuwa shabaha rahisi.

Na mzinga ule ule uliopiga nyambizi, ambao leo watu huenda kuupigia picha St. Paul, Minnesota, mji walikotoka wengi wa mabaharia wa Ward, upo nchi kavu kwa sababu uliondolewa kwenye matengenezo hayo. Ward ingebaki destroya hadi mwisho, mzinga huo ungezama nayo.

Kuanzia 1943 meli hii ilishusha askari kisiwa baada ya kisiwa katika Pasifiki: Cape Gloucester mwezi Desemba, kisha mwaka 1944 Nissan, Emirau, Aitape, Biak na Morotai, hadi Oktoba ilipofika Ufilipino. Kila safari ilikuwa ile ile: kuingia gizani, mashua kuteremshwa, watu kushuka wakiwa na mizigo mgongoni, meli kubaki karibu na nchi kavu ikingojea ndege za adui. Kwangu mimi huo ndio utumishi wake mkubwa. Kuipiga nyambizi ile ilikuwa kazi ya dakika chache.

Desemba 7, 1944, katika ghuba ya Ormoc huko huko Ufilipino, askari wakiwa wamekwisha kushuka, ndege ya kujitoa mhanga iliipiga ubavuni. Moto uliposhindikana kuzimwa, mabaharia waliihama, na destroya O'Brien ikaamriwa kuizamisha. Aliyeiongoza O'Brien siku hiyo alikuwa Outerbridge huyo huyo. Mabaki ya Ward yaligunduliwa mwaka 2017.

Tena Ward ilipata afadhali kuliko wenzake. Meli sita za kwanza kugeuzwa namna hii ni Manley, Colhoun, Gregory, Little, McKean na Stringham, na nne kati yake hazikurudi. Colhoun ilizamishwa kwa mabomu ya ndege karibu na Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, mwezi Agosti 1942. Siku chache baadaye Gregory na Little, zilizokuwa zimetoka kuwarudisha askari kutoka kisiwa cha Savo, zilimulikwa usiku na fataki za ndege ya Wamarekani wenyewe, ambayo rubani wake hakujua kilichokuwa chini, na destroya za Japani zikazimaliza. McKean ilipigwa topido Novemba 1943 ikiwa imejaa askari wa majini. Walikufa mabaharia 64 na askari 52.

Naomba basi picha ile isahihishwe, na Desemba ijayo mtakapoandika tena juu ya Ward, meli hizi nne zitajwe kwa majina.

Msomaji wenu,
Tanga