Mhariri, si kila kitu ni "isiyopenyeka"

Ndugu Mhariri,

Salamu kwanza. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ile kona yenu ya kujifunza Kiingereza huwa siiruki, ila ya wiki iliyopita imenikera kidogo, yaani mmepanga maneno saba kwenye safu moja, impermeable, impervious, impenetrable, invulnerable, impregnable, immune na resistant, halafu upande wa pili mkaweka neno moja tu, "isiyopenyeka", basi mkafunga kazi. Sasa mwanafunzi akienda kuandika kwenye mtihani kwamba mwalimu wake ni impermeable kwa lawama, nyie mtakuwepo kumtetea?

Kuchanganya naelewa, karibu yote yanaanza na ile im au in ya kukanusha ya Kilatini. Lakini kinachokanushwa si kimoja. Impervious ndani yake kuna via, yaani njia, kwa hiyo ni kitu kisicho na pa kupitia, ndo maana Waingereza wanalisema hata kwa mtu ambaye maneno hayamwingii, sisi tunasema haambiliki na mambo yanaisha. Impermeable mara nyingi ni la maji, gesi na vitu vya namna hiyo. Invulnerable limetoka kwenye neno la jeraha, hapo shida si kupenya, ni kudhurika, kama Achilles wa hadithi za Wagiriki ambaye alikuwa hadhuriki popote isipokuwa kisigino. Na impregnable ni la ngome, limekuja kupitia Kifaransa, kwenye kitendo cha kuchukua, kwa hiyo ni ngome isiyotekeka. Hapo kuna mtego wake pia maana kuna impregnate, sura ni hiyohiyo ila ukoo mwingine kabisa, lenyewe ni kulowesha kitu mpaka kikolee, au kutia mimba. Kwa hiyo kitambaa unaweza uki-impregnate kwa nta ili kiwe impermeable, siku nilipogundua hilo nilicheka peke yangu kama chizi.

Halafu hata kupenya na kupitisha si kitu kimoja jamani. Udongo wa mfinyanzi umejaa vitundu, wakati mwingine nafasi zake zote ukizijumlisha zinazidi za mchanga, ila ni vidogo mno na maji yanapita kwa mbinde, ndo maana wanautandika chini ya mabwawa na madampo. Maji yanaingia, yanakaa humo, hayavuki.

Mi natafsiri vijitabu vya maelekezo, ndo kazi inayonilisha, na kosa kama lenu nimeshalifanya. Zamani nilipewa cha saa ya mkononi, imeandikwa water resistant mita 30, nikaandika bila kufikiri "haipenyeki maji hadi kina cha mita 30". Bahati nzuri mhakiki aliniwahi kabla hakijaenda kuchapwa. Ile mita 30 ni presha ya kupimia saa ikiwa imetulia, bar 3, si ruhusa ya kupiga mbizi, saa ya hivyo ni ya kunawa mikono na manyunyu ya mvua. Simu nazo hivyohivyo, ile alama ya IP67 ya kuonyesha inazuia vumbi na maji kiasi gani, maana yake 6 ni ya vumbi, haliingii, na 7 ni kuzama kwenye maji mpaka mita 1 kwa dakika 30, basi. Kuna kiasi na kuna muda, neno "isiyopenyeka" linavifuta vyote viwili. Titanic si ilikuwa na vyumba 16 vya kuzuia maji? Kuta zake hazikufika juu vya kutosha, Aprili 1912 chumba kikijaa maji yanamwagikia cha jirani mpaka meli ikaenda chini.

Lakini kilichoniuma zaidi ni immune na resistant kuwekwa kapu moja, tena kwa gazeti ambalo lina kurasa za afya. Immune ni mwenye kinga, kule Roma ya kale lilikuwa ni mtu aliyesamehewa kodi au wajibu, likaja kuzoeleka kwenye udaktari karne ya 19, na raha yake ni kwamba kinga yetu inabeba yote mawili, kuna kinga ya mwili na kuna kinga ya kidiplomasia, sijui nani alitutungia ila alifanya kazi nzuri. Resistant ni sugu. Na sugu ni vile vijidudu, si mgonjwa! Kila siku nasoma "mgonjwa amekuwa sugu kwa antibiotiki", hapana, bakteria ndo wamekuwa sugu, na wanaweza kuhamia kwa mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa hiyo. Mtu akidhani usugu uko mwilini mwake atasema mi sijatumia dawa hovyo kwa hiyo hainihusu.

Hiyo safu mkiirudia naomba mwachie impenetrable peke yake hiyo "isiyopenyeka", inaitosha, msitu mnene, giza nene, hata maandishi ya wanasheria. Mengine yana maneno yake tayari, haipitishi, haidhuriki, haitekeki, haambiliki, sugu, ana kinga.

Na kwa kuwa mmeahidi wiki ijayo mnaendelea na orodha hiyohiyo, nawawahi mapema, inflammable msije mkaiweka humo. In yake si ya kukanusha, ni kitu kinachoshika moto upesi.

Msomaji wenu,
Mfasiri