Alaimenti bila kukagua miguu ni kumla mteja

Mhariri,

Tairi za mbele zikiliwa upande mmoja, wenye magari hulaumu barabara au tairi za bei ndogo. Wanapiga alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu kwa mashine, wanalipa, na miezi michache baadaye kipara kinatokea palepale. Lawama kubwa ni yetu mafundi: tunapandisha gari kwenye mashine kabla ya kukagua miguu, yaani viungo na mipira inayoshikilia magurudumu.

Tairi husema mapema. Kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa lami, zikiisha katikati, upepo umezidi. Zikiisha kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Ukingo wa ndani ukilika laini, shuku kemba, yaani gurudumu limelaza kichwa ndani. Lakini pitisha kiganja juu ya kashata: kikiteleza ukienda upande mmoja na kukwaruzwa ukirudi, hiyo ni too, magurudumu yanatazamana au yanapeana mgongo. Mabonde kuzunguka tairi ni shokapu zilizokufa au gurudumu lisilo na balansi, na hapo alaimenti haisaidii kitu.

Too ndiyo mlaji mkubwa. Gurudumu la kipenyo cha milimita 600 likipishana milimita 3 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma, linaburuzwa kiubavu kama mita 5 kwa kila kilomita. Ukitembea kilomita 10,000, hizo ni kilomita 50 za kusugua lami. Hakuna tairi ya kuhimili hilo, iwe ya Japani au ya China.

Kwa nini vipimo havikai? Mashine hupima gari likiwa limesimama. Bushi (mpira wa kiungo) iliyochanika ya mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na gari, hutulia vizuri pale gereji, ila ukikanyaga breki au kupita shimo, mkono unasogea na vipimo vyote vinahama. Ndiyo maana ukaguzi hutangulia. Nyanyua gari kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi, ukibaki, angalia boljointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa hapo mara nyingi ni tairodi endi au reki endi, viungo vya vyuma vya stelingi vinavyogeuza magurudumu. Bushi zitazame kwa tochi, na uzisukume kwa mtaimbo. Kazi hii haifiki nusu saa, lakini wengi wetu tunairuka kwa sababu mteja halipii ukaguzi, analipia mashine.

Hata bushi mpya huuawa na fundi. Bolti zake zikikazwa gari likiwa linaning'inia, mpira unabaki umejisokota mara gari linaposhuka, na huchanika mapema. Zishikize tu, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze.

Kuna na hizi spesa za kuinua gari. Sina ugomvi nazo, barabara zetu tunazijua. Ila mwili ukipanda sentimita 3, mikono ya chini inabadili pembe, na kemba na too vinahama siku hiyohiyo. Kuweka spesa na kumruhusu mteja aondoke bila alaimenti ni kumuuzia tairi nyingine.

Kwenye mashine, upepo usawazishwe kwanza kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva. Anza nyuma, halafu kemba na kasta (mlalo wa mhimili wa stelingi kwenda mbele au nyuma) za mbele, too iwe ya mwisho, maana ukigusa kemba too inahama. Stelingi ifungwe ikiwa imenyooka, na tairodi zirekebishwe pande zote mbili. Ukizungusha moja tu, too itasoma sawa lakini mteja ataendesha na stelingi iliyopinda.

Magari mengi madogo tunayoagiza Japani hayana pa kurekebishia kemba kutoka kiwandani. Fundi aseme hivyo waziwazi: zitahitajika bolti maalumu za kemba, au kuna kitu kimepinda kitafutwe. Kusogeza too ili kuficha kemba ni kuhamisha ugonjwa.

Mteja naye adai karatasi ya vipimo yenye safu mbili, kabla na baada. Mashine nyingi za kompyuta huitoa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Gereji ikiwa na mashine hiyo na bado ikagoma kuitoa, mteja ana sababu ya kugoma kulipa.

Fundi wa miguu ya magari,
Morogoro